Mkono Unaoliona Kovu Lake

Kinyama cha ngozi kinachokatwa kupelekwa maabara kina upana wa milimita 4 tu, kidogo kuliko punje ya muhindi. Kukikata hakufiki dakika moja. Ufundi wenyewe uko katika dakika zinazotangulia na siku zinazofuata, na ndiyo maana nadhani kazi hii inamfaa ofisa tabibu wa zahanati nchini Malawi kuliko tunavyozoea kufikiri.

Ofisa tabibu aliyefundwa vizuri hupapasa kabla ya kushika kifaa. Kwenye ngozi nyeusi, ule wekundu wa vitabuni mara nyingi hauonekani. Ugonjwa hujitambulisha kwa weusi uliozidi, kwa zambarau iliyofifia, kwa joto, kwa ugumu chini ya kidole. Kaposi, saratani ambayo Malawi imeijua sana tangu Ukimwi uingie, huweza kuanza kama baka ambalo mwenyewe hudhani ni kovu la zamani. Macho peke yake hayatoshi: katika utafiti uliofanywa Kenya na Uganda, takriban robo ya wagonjwa walioshukiwa kuwa na Kaposi hawakuwa nayo vinyama vyao vilipopimwa. Hao wangeweza kuingizwa kwenye dawa kali za saratani bila sababu.

Kisha achague mahali pa kukata. Kidonda hakichukuliwi katikati, penye nyama iliyokufa, bali ukingoni. Kama kuna uvimbe kifuani na mwingine mguuni chini ya goti, na yote ina sura moja, hapo anasita. Mguu hupona polepole, lakini kifua ni mahali panapopenda kuota makovu manene, kama mabega na ndewe za masikio. Anamuuliza mgonjwa: mama, ulipotoboa masikio yalipona vipi? Jibu hilo lina uzito.

Chupa ya fomalini huandikwa jina kabla ya kukata, ubavuni, si kwenye kifuniko, kwa kuwa vifuniko hubadilishana. Sindano ya ganzi huingizwa taratibu, maana dawa ikisukumwa kwa haraka ndiyo inayouma. Halafu kungoja. Wanafunzi wengi hushindwa hapa, foleni ikiwa ndefu mlangoni. Ganzi ikishakolea, vidole viwili vinaivuta ngozi kukingama na mistari yake ya asili, kifaa chenye makali ya duara kinazungushwa kwa shinikizo la utulivu, na ngozi ikiachiliwa tundu la duara linageuka yai jembamba linalofungika kwa uzi mmoja au miwili. Ujanja huo mdogo unanifurahisha kila ninapoufikiria. Kinyama kinanyanyuliwa kwa ncha ya sindano, kwani kibano kikikibana seli hupondeka na mtaalamu wa maabara hatasoma kitu.

Haya hayasomwi yakaeleweka. Mkono lazima uyafanye. Wakufunzi wengi huanzia kwenye mguu wa nguruwe, ambao ngozi yake inakaribia yetu kwa unene. Afrika Mashariki ina shule yake ya mambo haya: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, mwaka 1992, ambako maofisa tabibu kutoka nchi nyingi za Afrika, Malawi ikiwemo, husoma miaka miwili. Malawi haihitaji kushawishiwa kuwaamini watu hawa. Upasuaji mwingi wa uzazi katika hospitali zake za wilaya uko mikononi mwao.

Sasa tuitazame Dzaleka. Kambi hii ya wakimbizi katika wilaya ya Dowa nchini Malawi, kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 palipokuwa na gereza. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000. Leo wamezidi 50,000, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili ni lugha ya kawaida sokoni. Kituo chake cha afya hutibu pia wanavijiji wa jirani. Darubini ya kusoma kinyama iko Lilongwe, katika maabara ya patholojia iliyoanzishwa mwaka 2011 kwenye Hospitali Kuu ya Kamuzu. Lakini kinyama kikiwa ndani ya fomalini kinasafiri chenyewe. Chupa haiombi nauli wala kibali cha kutoka kambini, na mama hafungi genge lake siku nzima.

Iko faida nyingine, na kwangu ndiyo kubwa. Daktari wa mjini hukata, hushona, na mgonjwa huondoka. Nyuzi hutolewa na mtu mwingine: usoni baada ya siku tano hivi, mguuni baada ya wiki mbili. Ofisa tabibu wa kambini huzitoa mwenyewe. Baada ya miezi michache mgonjwa yuleyule amerudi na mtoto mwenye homa, na tabibu anaomba kuliona kovu. Likiwa bapa, anajua uzi ulikazwa inavyostahili. Likiwa limeinuka, anauliza tena habari za masikio, na mara ijayo atachagua mahali pengine, au ataiacha ngozi ile bila kuigusa.