Jina la Kanga Halina Saini

Mteja wa kanga katika maduka ya Mtaa wa Uhuru, pale Mnazi Mmoja, husoma kabla ya kununua. Anakunjua doti, anatazama pindo na mji, kisha jicho linashuka kwenye jina, yale maneno yaliyochapwa.

Chukua hili linalojulikana pwani nzima: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Maneno manne, herufi kubwa, bila nukta wala mkato. Vitenzi vyote viwili vinakanusha, na toka sipati hadi sikati imebadilika herufi moja tu. Vina vimekaa sawa, mizani haikulingana: tano, kisha sita. Silabi iliyozidi imeangukia tamaa, na ndipo ulimi unapokawia. Sidhani kama ni bahati.

Kazi kubwa zaidi inafanywa na si-. Nani hapati? Hatajwi. Nafasi ya msemaji imeachwa wazi, na anayejifunga kanga ndiye anayeijaza. Jirani akihoji, anapo pa kukimbilia: yeye alipenda maua.

Kwenye kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyeitwa pia Abdulla, mna alama ya herufi ndogo, K.H.E. Mali ya Abdulla. Mfanyabiashara kajitaja, mtunzi wa maneno hayumo. Kwa upande wa malipo, hiyo yaweza kuwa dhuluma. Kwa upande wa umbo, saini ingeliua jina. Mtaje mtunzi chini ya kauli ile, na mvaaji anageuka mtu anayenukuu. Hasemi tena la moyoni mwake.

Leseni za Creative Commons, za kuruhusu kazi itumiwe bila kuomba kibali, zilizotoka mara ya kwanza Desemba 2002, zimekwenda njia nyingine. Zile sita zinazotumika leo zote zinataka mtunzi atajwe, na aliyebadilisha kazi aseme kwamba amebadilisha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 nayo inaruhusu kunukuu, mradi chanzo na mtunzi vitajwe. Kwenye kanga, masharti hayo yangepata nafasi pembeni mwa pindo, lakini yangevuruga usemaji wenyewe.

Wapo wanaobeba makala za watu mtandaoni na kuzibandika kwao bila jina, wakidai maneno ni ya wote, kama ya kanga. Hawajasoma vizuri, si kanga wala makala. "Mimi" wa makala ndiye aliyeuliza bei Kariakoo, akamhoji fundi, akatoa hukumu anayoweza kuulizwa kesho. Huyo havaliki. Ukiondoa jina lake, msomaji mwenye shaka hana wa kumwendea, hata kama mwandishi mwenyewe alikwisha ruhusu makala isambazwe bure.

Kigumu ni mstari wa taarabu wenye mtunzi anayejulikana, unapohamia kwenye kanga. Hapo ningemwacha mvaaji aseme bila kumtaja mtu. Kiwanda kinachochapa na kuuza doti ndicho kingepaswa kuomba kibali, na kulipa.