Land Rover ya Mstaafu: Turkana Chuma Hudumu, Mpira Hufa

Vitabu vingi vya kufufua magari ya zamani ya Kiingereza vimeandikwa na watu wa nchi za mvua. Fungua popote utakutana na kutu: chesesi iliyooza, ukuta wa chuma ulio mbele ya miguu ya dereva umetoboka, namna ya kukata na kuchomelea kipande kipya. Mstaafu wa Namoruputh, magharibi ya Lodwar kwenye njia ya Lokiriama, akivifuata vitabu hivyo ukurasa kwa ukurasa atamaliza kiinua mgongo chake akitibu ugonjwa ambao gari lake halina. Kwa milimita 200 hivi za mvua kwa mwaka, Turkana chuma hudumu. Kinachokufa ni mpira.

Gari ninalolichambua ni la mwalimu mkuu mstaafu wa huko: Land Rover Series III, pikapu ya petroli, inchi 109 kutoka ekseli hadi ekseli. Lilitumikia misheni, kisha likaegeshwa chini ya mgunga kwa miaka mingi, mbuzi wakijilalia kivulini mwake. Namba yake ni herufi tatu na tarakimu tatu, bila herufi ya mwisho; maana yake lilisajiliwa kabla ya mfululizo wa KAA kuanza mwaka 1989. Mwalimu hakulitafuta kwa ajili ya kazi. Kazi za huko zinafanywa na Land Cruiser na pikipiki. Alitaka kitu cha kushughulika nacho asubuhi kabla jua halijapanda, kitu ambacho angeweza kukielewa chote.

Na hilo la kukielewa chote lina historia. Rover walipolionyesha gari hili Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, chuma kilikuwa bado cha mgao Uingereza baada ya vita, lakini aluminiamu ilipatikana. Maurice Wilks na wenzake wakatengeneza bodi ya aluminiamu iliyo bapa karibu kila mahali na kuifunga kwa bolti juu ya chesesi ya chuma. Series II ikafuata mwaka 1958, IIA mwaka 1961, na Series III ikaanza 1971, ikaendelea kuundwa hadi 1985. Hata Kenya magari haya yaliunganishwa, kwenye kiwanda cha Leyland huko Thika. Uamuzi uliotokana na uhaba wa Uingereza ndio unaomwezesha mtu mmoja leo kung'oa madigadi ya mbele kwa spana chache, bila karakana.

Hatua ya kwanza haikugusa injini kabisa. Fundi aliyetoka Lodwar alilala chini ya gari na nyundo ndogo, akagonga chesesi kuanzia mbele hadi nyuma akisikiliza. Chuma kizima hulia. Kilichooza ndani hutoa sauti butu na vumbi jekundu. Hili lililia mwanzo hadi mwisho. Gari la rika hilohilo lililokaa Mombasa lingekuwa na habari nyingine, kwa sababu aluminiamu na chuma vikigusana mbele ya chumvi na unyevu, kimoja humla mwenzake. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetafuta: nunua lililozeekea ukame, hata kama limechakaa machoni, uliache la pwani lenye rangi inayong'aa. Na ulitafute humu humu nchini, kwani kwa utaratibu wa kawaida Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8.

Hatua ya pili ilikuwa karatasi, nami ningeitanguliza hata kabla ya nyundo. Magari ya misheni na ya miradi hupita mikono mingi bila logbuku kubadilishwa jina. Namba ya chesesi imegongwa mbele, upande wa kulia, pale springi inaposhikiliwa. Isugue kwa brashi ya waya, isome, uilinganishe na logbuku. Zisipolingana, rudi nyumbani.

Sasa mpira. Mwalimu alishangaa fundi alipokataa kuliwasha gari lililokuwa, kwa macho, karibu kuwaka. "Mwalimu, likiwaka utataka kuliendesha, na halina breki," alimwambia. Breki za gari hili ni za drami. Kwenye la inchi 109, kila gurudumu la mbele lina silinda mbili za mafuta na kila la nyuma moja: sita kwa jumla, na ya saba ni silinda kuu inayosukumwa na pedali. Ndani ya kila moja kuna kikombe cha mpira cha ukubwa wa kizibo cha soda. Kilichotolewa gurudumu la nyuma kilivunjika mkononi kama biskuti. Paipu za mpira zinazoshuka kwenye magurudumu zilionekana nzima, lakini zilipokunjwa zilifunguka nyufa ndogo ndogo pande zote. Ni joto, ni jua, na ni kukaa bila kutumika. Mpira usiotembea hukauka haraka kuliko unaotembea.

Orodha ikawa ndefu: vikombe vyote vya breki, paipu za rejeta, mkanda wa feni, dayaframu ya pampu ya petroli, sili za mafuta kwenye ekseli ya mbele, bushi za springi. Matairi yalikuwa na meno mazuri. Fundi aliyakataa yote, akamwonyesha mwalimu tarakimu nne ubavuni: mbili za wiki, mbili za mwaka wa kuundwa. Hapa ndipo wastaafu wengi hukwama, kwa sababu spea hizi hazina fahari. Hakuna jirani atakayekuja kuangalia kikombe cha breki. Lakini ndizo zilizokula sehemu kubwa ya fedha, na nyingi zilitoka maduka ya Kirinyaga Road, Nairobi, zikaja Lodwar kwa basi.

Hoja ya pili ya Turkana ni joto. Injini hii ya sentimita za ujazo 2,286 iliundwa na watu walioogopa baridi. Bomba la kuingizia hewa limekalishwa juu ya bomba la moshi makusudi, ili mchanganyiko wa petroli upate moto asubuhi ya theluji. Lodwar, ambako mchana hupita nyuzi 35, hisani hiyo inageuka adha: gari linakwenda vizuri, linasimama kidogo dukani, kisha linakataa kuwaka. Petroli imechemka kabla ya kufika kwenye kabureta na paipu imejaa mvuke. Dawa ya dereva wa zamani ni kitambaa kibichi juu ya pampu. Dawa ya fundi ilikuwa bati bapa kati ya bomba la moshi na kabureta, na paipu ya petroli kuhamishwa mbali na injini. Kazi ya asubuhi moja, tena ya bei ya chai.

Kwenye upoozaji kulikuwa na ubishi kidogo, nami niko upande wa mwalimu. Mafundi wengi wa jua kali hung'oa thamostati wakiamini maji yatazunguka kwa uhuru. Katika injini hii si kweli. Kuna njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu bila kupita rejeta, na thamostati ya asili ina ukosi unaoifunga njia hiyo injini ikishapata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo injinini bila kupoozwa. Mwalimu alilisoma hilo, akaagiza thamostati yenye ukosi. Rejeta yenyewe ilikuwa imeziba kwa magadi ya maji ya kisima. Ilifunguliwa, ikasafishwa, na sasa hunywa maji safi ya betri yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu. Dawa hiyo chupani imeandikwa ni ya barafu, jambo linalowachekesha sana vijana wa kituo cha petroli.

Kichujio cha hewa cha gari hili ni bakuli la oili. Hewa hupita juu ya oili na vumbi hunasa humo. Kwenye lami ya A1 unaweza kulisahau. Kwenye njia ya Lokiriama bakuli huonyesha tope zito sakafuni baada ya safari chache, na lisipomwagwa, vumbi litaingia kwenye silinda. Ni kazi ya dakika kumi na tambara.

Kuhusu kuvuka laga, yaani mito mikavu ya mchanga: kitasa cha njano hutia gurudumu nne, chekundu hushusha gia. Gari halina difrenshali ya katikati, kwa hiyo gurudumu nne ni za mchangani tu; ukizishikilia kwenye lami unakaza ekseli mbili zinazovutana. Punguza upepo wa matairi na utie njano kabla ya kushuka, si baada ya kuzama, kwani gurudumu linalozunguka bure kisha likashika ghafla ndilo hukata shafti ya ekseli. Ekseli ya nyuma ya la inchi 109 ina nguvu zaidi; wenye la inchi 88 wabebe shafti ya akiba.

Imebaki rangi. Jijini Nairobi, kwenye Concours d'Elegance inayoandaliwa na kilabu cha Alfa Romeo tangu 1970, majaji huangalia hata chini ya boneti, na gari hili lisingemaliza dakika tano mbele yao. Boneti ina kijani cha kiwandani, nyeupe ya misheni juu yake, na kijivu cha mtu fulani aliyepaka kwa brashi. Mwalimu anataka kijani irudi. Mimi ningengoja, kwa kuwa bushi za springi za nyuma bado ziko kwenye basi, na giaboksi inavuja oili kwa kiasi ambacho fundi anakiita cha kawaida.