Magitaa Yaliyokimbilia Bamako

Mwaka 2012, makundi yenye silaha yalipoteka Timbuktu na Gao, kaskazini mwa Mali, muziki ulipigwa marufuku. Hata simu kuita kwa wimbo likawa kosa. Mpiga gitaa Garba Touré akabeba gitaa lake hadi Bamako, akakutana na vijana wenzake wa kaskazini, wakaunda bendi ya Songhoy Blues. Albamu yao ya kwanza ilitoka 2015.

Ila pongezi zangu kubwa ni kwa Khaira Arby, mwimbaji bingwa wa Timbuktu, ambaye hadi leo sauti yake hunisisimua mwili. Naye alikimbilia Bamako, na huko hakunyamaza. Kisonghai, Kitamasheki, Kibambara, Kiarabu: kwa lugha zote hizo aliimba, mpaka alipofariki 2018. Hongera, mama. Jukwaa walikunyang'anya, koo hawakuliweza.