Jicho la Kwanza: Kozi ya Usanifu wa Michoro, na Kazi Tele Malinya

Vijana wa Malinya, kozi ndiyo hii! Nimetoka kuitazama kozi ya usanifu wa michoro katika chuo kimoja cha ufundi hapa Kakamega, na kila ninayekutana naye namsimulia. Kompyuta, uchapaji na biashara, vyote kwa pamoja, tena bila kuhamia Nairobi!

Karakana ya kuchapa fulana ndiyo iliyoniteka. Mchoro hutolewa kwa wino mweusi kwenye karatasi angavu ya plastiki, kisha hulazwa juu ya wavu uliopakwa dawa inayoganda kwa mwanga. Taa ikiwaka, dawa huganda kote isipokuwa chini ya weusi. Mwagia maji, na tazama: mchoro umejitokeza kwenye wavu! Wino husukumwa kwa mpira, fremu huinuliwa, fulana imeiva. Rangi tatu hudai nyavu tatu, na wavu mmoja ukiteleza kidogo tu, kazi yote imeharibika. Hapo mkono hujifunza utulivu kabla ya kasi.

Kwenye kompyuta nako ni raha tupu! Programu ya Inkscape ni ya nembo, GIMP ya picha, Scribus ya kupanga kurasa, na zote ni za bure. GIMP 3.0, iliyotoka Machi 2025, imenipagawisha: unaweka kichujio kwenye picha, unakirekebisha au kukiondoa baadaye, na picha ya asili inabaki salama. Mteja abadili nia atakavyo!

Utaelewa pia kwa nini rangi inayong'aa kwenye simu hupoa kwenye karatasi: skrini huchanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu, ilhali mashine huchanganya wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Utaacha milimita 3 za ziada ukingoni ili kisu kisiache mstari mweupe. Utaandaa picha kwa nukta 300 kwa inchi. Hapo ndipo fundi hutengana na mbabaishaji.

Na kazi iko mlangoni! Mafahali wakipigana uwanjani Malinya, watu huitwa kwa bango. Kuna vijitabu vya mazishi, kadi za harambee, na uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 unakuja. Kuna fulana za vikundi vya isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Bango zuri hupangwa kama ngoma tatu za isukuti, kubwa, ya kati na ndogo: jina la shughuli lisikike kwanza, tarehe na mahali vifuate, maelezo yamalizie.

Tahadhari ni moja: saa za darasani pekee hazikutoshi. Fanya mazoezi kila upatapo kompyuta.

Kwa kawaida diploma huanzia alama ya C- katika mtihani wa kidato cha nne, cheti D, na ngazi ya ufundi hupokea hata E. Nafasi huombwa kupitia KUCCPS, mkopo kupitia HELB. Anzia kuulizia Sigalagala, chuo cha kitaifa cha ufundi kwenye barabara ya Kakamega–Kisumu, kisha vyuo vya kaunti.

Uamuzi wangu: kwa kijana mwenye jicho la rangi na mkono mtulivu, sijaona kozi bora kuliko hii. Nenda ukajiandikishe!