Kompyuta ya Kwanza: Pesa Ianzie Wapi?

Vijana wengi wanaotaka kuunda kompyuta kwa mara ya kwanza huanza na kadi ya picha. Ndiyo yenye taa, ndiyo inayozungumzwa vijiweni, na ndiyo inayomaliza pesa. Kinachobaki hugawanywa kwa pawa saplai, mazabodi na diski. Mpwa wangu anayesomea usanifu majengo Dar es Salaam aliniletea orodha ya namna hiyo hiyo, tukaipindua. Naeleza hapa tulivyoipindua kwa sababu naamini kwamba, kwa mwenye bajeti ndogo, mpangilio wa manunuzi una uzito kuliko jina la kifaa chochote.

Bajeti ilikuwa shilingi milioni 1.3 kwa kasha na vilivyomo ndani yake. Kioo, kibodi na kipanya alikuwa navyo. Kazi yake ni AutoCAD na SketchUp kila siku, kuhariri video fupi, na gemu la mpira mwisho wa wiki. Programu kama Enscape, zinazoonyesha jengo kana kwamba limeshajengwa na zinazodai kadi ya picha ya kujitegemea, atazihitaji miaka ya mwisho ya masomo. Basi tukakubaliana: kadi isinunuliwe sasa, ila kila kingine kinunuliwe kikiwa tayari kuipokea.

Prosesa tuliyochagua ni AMD Ryzen 5 5600G, iliyoingia madukani 2021. Ina viini 6, nyuzi 12, imepimwa kwa wati 65, na ndani yake mna chipu ya picha. Herufi G ndiyo ya kuangalia. Ryzen 5 5600 isiyo na G ina kashe ya MB 32 badala ya 16 na inamfaa zaidi mwenye kadi, lakini yenyewe haitoi picha yoyote. Upande wa Intel, ogopa herufi F. Core i3-12100F ni prosesa nzuri ya bei nafuu, lakini ukichomeka kioo kwenye mazabodi bila kuwa na kadi utaona giza tupu, na unaweza kuilaumu mazabodi isiyo na kosa.

Wapo watakaosema soketi ya AM4, inayopokea prosesa hii, ni ya zamani. Ni kweli: Ryzen za kwanza ziliingia nayo mwaka 2017, na tangu 2022 AMD imehamia AM5 inayotumia RAM ya DDR5. Mpwa wangu angekuwa na pesa zaidi ningemshauri aende huko bila kusita. Lakini mazabodi ya AM5 pamoja na DDR5 vingekula fungu la pawa saplai, na hilo sikulikubali. Isitoshe, tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda sana duniani, kwa kuwa viwanda vinapeleka chipu nyingi kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Hata DDR4 haikusalimika, na RAM yetu ilikula zaidi ya tulivyoitengea.

Mazabodi za AM4 zina mtego mmoja unaowanasa wanunuzi wa Kariakoo na wa Luthuli Avenue kule Nairobi. Mazabodi ya B450 ilitoka 2018. Ikiwa imekaa rafuni tangu wakati huo, BIOS yake, yaani programu inayoiamsha mashine, haiitambui Ryzen ya mfululizo wa 5000. Utafunga kila kitu vizuri, feni zitazunguka, kioo kitabaki cheusi. Dawa yake ni kumwomba muuzaji akuwekee BIOS mpya kabla hujalipa, au kuchagua mazabodi yenye kitufe cha nyuma kinachopokea BIOS kutoka kwenye flashi hata kabla prosesa haijawekwa. Sisi tulichukua B550 tukaondoa wasiwasi mwingi, ingawa hata kwa hiyo tuliuliza.

Sasa RAM, ambapo watu hupoteza uwezo walioulipia. Chipu ya picha iliyo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake. Inakopa RAM ya mashine. Kijiti kimoja cha DDR4 cha kasi ya 3200 kinapitisha GB 25.6 kwa sekunde. Vijiti viwili kwenye chaneli mbili vinapitisha 51.2. Kwa hiyo GB 16 katika kijiti kimoja na GB 16 katika vijiti viwili vya GB 8 si kitu kimoja hata kidogo kwa 5600G: kwenye gemu tofauti inaonekana kwa macho. Mazabodi ikiwa na nafasi nne, viweke kwenye ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha ingia BIOS uwashe XMP, maana vijiti vingi huamka vikiwa kwenye 2133 au 2666 na vitabaki hapo miaka yote usipoviambia.

Pawa saplai ndiyo niliyoigombania zaidi. Mashine hii, ikifanya kazi kwa nguvu, haifiki hata wati 200. Mpwa wangu akauliza kwa nini basi tununue ya 550. Kwanza, kadi aliyoilenga baadaye, Radeon RX 6600, inakula wati 132, na AMD wenyewe wanataka pawa saplai ya 450 au zaidi. Pili, namba kubwa iliyoandikwa ubavuni si ya kuaminiwa. Geuza pawa saplai, soma jedwali, tafuta mstari wa volti 12 uone ina ampea ngapi. Zidisha. Yenye ampea 37 inatoa wati 444 kwenye mstari huo ambao prosesa na kadi vinautegemea. Yenye ampea 15 inatoa 180 tu, hata kama nje wameandika 500 kwa wino mwekundu. Kwa umeme wetu unaokatika na kurudi kwa kishindo, pawa saplai dhaifu ikifa inaweza kuondoka na mazabodi na diski yenye michoro ya muhula mzima. Hapo bei nafuu inakuwa ghali sana.

UPS iongezwe mara pesa ikipatikana. UPS ya VA 650 haitoi wati 650. Nyingi hutoa karibu 360. Kwa mashine hii na kioo chake zinatosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utulivu.

Diski ni ya NVMe, GB 500. Yenye SATA ingekomea karibu MB 550 kwa sekunde, lakini kwa kazi ya kawaida tofauti hiyo haihisiki sana; tulichukua NVMe kwa kuwa bei zilikaribiana. Kasha liwe na wavu mbele, maana chumba cha Dar mchana ni joto tayari. Ukinunua prosesa isiyo na boksi, kumbuka haiji na feni.

Na mwenye nusu ya bajeti hii? Asiunde. Achukue kompyuta ya ofisi iliyotumika, OptiPlex au EliteDesk, zile Wakenya wanazoziita ex-UK, aongeze RAM na SSD. Ahakikishe tu prosesa ya Intel ni ya kizazi cha 8 au zaidi, kwa sababu Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 haivitambui rasmi vizazi vya nyuma. Ajue pia kwamba nyingi ya mashine hizo zina pawa saplai za umbo lao wenyewe na kasha lisilomeza kadi kubwa, hivyo atakachonunua ndicho atakachobaki nacho.

Kwa anayeunda, ombi langu ni hili: usitoke dukani na maboksi yaliyofungwa. Omba vifaa viunganishwe pale pale juu ya meza, BIOS ifunguliwe, uone prosesa imetambuliwa na RAM zote mbili zimehesabiwa, kisha ndipo ulipe na uchukue risiti yenye namba ya kila kifaa. Muuzaji akikataa, vuka barabara, maduka ni mengi.