Kifurushi Kinachosomeka kwa Vidole: Uchambuzi wa Zawadi ya Kuagia ya Gharama Nafuu, Irente

Zawadi ya kuagia ni kitu kidogo ambacho mwenye sherehe humkabidhi mtoto mgeni anapoondoka kwenye siku ya kuzaliwa ya mwenzake, nayo hutofautiana na zawadi aliyokuja nayo mgeni kwa kuwa inakwenda upande wa pili, kutoka kwa mwenyeji kwenda kwa aliyealikwa. Katika sherehe nyingi za Tanzania kitu hicho huwa ni kifuko chenye pipi, biskuti, filimbi ya plastiki na puto. Hata hivyo, desturi ya mgeni kutoondoka mikono mitupu haikuja na keki wala mishumaa, kwani katika miji ya pwani wanaohudhuria maulidi hugawiwa tabaruku, yaani chakula au vitamutamu vinavyopokewa kwa ajili ya baraka. Marcel Mauss, mwanasosholojia wa Ufaransa, alipochapisha utafiti wake kuhusu zawadi mwaka 1925 alionyesha kuwa kutoa, kupokea na kurudisha ni wajibu wa aina tatu unaoshikana, kiasi kwamba ukikatika mmoja uhusiano wote hulegea. Kwa mtazamo huo, kifuko cha kuagia ndicho kinachomwambia mtoto kwamba kuja kwake kumeonekana na kumethaminiwa, na kwa sababu hiyo kinastahili kuchambuliwa kwa makini yaleyale yanayotumika kuchambua kazi nyingine yoyote ya mikono.

Tatizo la kiufundi la kifuko hicho ni kwamba sehemu kubwa ya fedha inayotumika hulipia vitu vya macho tu. Karatasi inayometameta, picha iliyochapwa kwenye kifungashio na rangi kali za plastiki huonekana kwa dakika chache kisha huishia jalalani, ilhali filimbi iliyomo ndani hupasuka kabla ya jioni kuisha. Mzazi mwenye kipato kidogo akijaribu kupunguza gharama kwa kununua vitu hivyohivyo vya hali ya chini zaidi, hupunguza ubora bila kuondoa upotevu, kwa kuwa mgawanyo wa fedha unabaki uleule. Swali la msingi, basi, ni kitu gani kingebaki kwenye kifurushi kama kila kinacholiliwaza jicho peke yake kingeondolewa.

Irente ni mahali panapolazimisha swali hilo liulizwe. Katika eneo hili lililoko kilomita chache kutoka mjini Lushoto, kwenye ukingo wa Milima ya Usambara Magharibi, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania ina shule ya watoto wasioona, pamoja na Shule ya Irente Rainbow inayohudumia watoto wenye ulemavu wa akili. Mtoto anayealika wenzake mahali kama hapa anaweza kuwa na wageni wanaoona, wasioona na wenye uoni hafifu katika mkeka mmoja, na kifuko kinachotegemea picha na rangi kingewagawa wageni hao katika wanaofaidi na wasiofaidi. Kifurushi kinachochambuliwa hapa kimepangwa kwa kanuni moja, kwamba kila shilingi ilipie kitu kinachotambulika kwa kugusa, kusikia, kunusa au kuonja. Kina sehemu tano, ambazo ni mfuko, kamba, jina, kitu cha kuchezea na kitu cha kula.

Mfuko ndio sehemu iliyobadilika zaidi katika miaka ya karibuni. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea, ambayo wengi waliizoea kwa jina la mifuko ya rambo, imepigwa marufuku Tanzania Bara, na Zanzibar ilikuwa imetangulia kuchukua hatua dhidi ya mifuko ya aina hiyo mwaka 2006. Bahasha ya kaki ilijaza pengo kwa haraka, lakini karatasi hulegea katika ukungu wa Usambara na hubeba vitu kwa siku moja tu, kwa hiyo kitambaa kina faida iliyo wazi. Kitenge kwa kawaida huwa na upana unaozidi kidogo sentimita 110, na mfuko mmoja unahitaji kipande cha sentimita 18 kwa 36. Fundi hushona kwanza pindo la sentimita 3 kila ncha, pindo ambalo litapitisha kamba, kisha hukunja kipande katikati na kushona pande mbili kuanzia chini ya pindo, akiacha sentimita 1 ya mshono kila upande, hata akapata mfuko wenye upana wa sentimita 16 na kina cha sentimita 15.

Hesabu ya ukataji ndiyo inayoamua gharama. Upana wa kitambaa hutoa vipande 6 kwa kila mstari, na mita 1 hutoa mistari 2 tu, yaani mifuko 12, huku sentimita 28 zikibaki bila kazi. Mita 2 hutoa mistari 5, yaani mifuko 30, na kinachobaki ni sentimita 20. Pande zima la yadi 6, ambalo ni karibu mita 5.5, hutoa mistari 15 na mifuko 90. Kwa maneno mengine, anayenunua mita 2 badala ya moja hupata mifuko mara mbili na nusu kwa bei iliyoongezeka mara mbili, na familia tatu zinazochangia pande moja hupata kila moja mifuko 30 bila kutupa karibu chochote. Unafuu huu umetokana na kipimo na ushirikiano, wala haukudai kitambaa hafifu. Pale ambapo hata kitenge kipya ni kizito kwa mfuko wa mzazi, mabaki ya kwa fundi cherehani hutosha, mradi vipande viwili vya sentimita 18 kwa 19 viunganishwe chini kwa mshono wa sentimita 1. Vipande hivyo vikiwa vya aina tofauti, kwa mfano kitenge laini upande mmoja na jinzi ngumu upande wa pili, mkono hujua mbele na nyuma ya mfuko bila kuuliza.

Kamba inayofaa zaidi iko bondeni. Anayesimama kwenye ukingo wa Irente hutazama chini tambarare za Mazinde, eneo linalojulikana kwa mashamba ya mkonge, mmea ambao nyuzi zake huitwa katani. Mkonge uliletwa katika eneo hili la Afrika Mashariki mwaka 1893 na mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliyeagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, na kati ya hivyo ni 62 tu vilivyofika vikiwa hai na kuwa chanzo cha mashamba yaliyofuata. Kwa kila mfuko huhitajika kamba ya sentimita 50 hivi, yaani mita 15 kwa mifuko 30, na ukakasi wake ambao kwa macho huonekana kama kasoro huwa kitambulisho kwa vidole. Nyuzi zinazochomoza hulala kamba inaposuguliwa kwa mshumaa. Ncha mbili za kamba hufungwa kwenye kijiti cha mdalasini cha sentimita 5, na kijiti hicho hufanya kazi mbili kwa pamoja, kwani hushikwa kama kishikizo wakati wa kufungua mfuko na hutoa harufu inayoutangulia mfuko kabla haujaguswa. Mdalasini na iriki ni mazao ya siku nyingi upande wa Usambara Mashariki, hivyo harufu yenyewe ni ya nyumbani.

Jina la mtoto huandikwa kwa nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yaliyobuniwa na Mfaransa Louis Braille, ambayo kila herufi yake huundwa ndani ya chumba kimoja chenye nafasi 6, tatu kwenda chini kushoto zinazohesabiwa 1 hadi 3 na tatu kulia zinazohesabiwa 4 hadi 6. Umbali kati ya nukta na nukta ni takriban milimita 2.5, na kati ya mwanzo wa herufi moja na mwanzo wa nyingine ni takriban milimita 6, kiasi kwamba jina la herufi 10 huchukua sentimita 6 tu. Jina kama Asha huhitaji nukta 8, kwa kuwa A ni nukta ya 1, S ni nukta za 2, 3 na 4, H ni nukta za 1, 2 na 5, na A humalizia kwa nukta ya 1. Panapokosekana kibao maalumu, ubao wa boksi la majani ya chai huwekwa juu ya gazeti lililokunjwa, na nukta husukumwa kwa kalamu ya wino iliyokwisha wino. Jambo linalowakosesha wengi ni kwamba nukta husukumwa kutoka nyuma ya karatasi, kwa hiyo mwandishi huanzia kulia kwenda kushoto na safu ya 1 hadi 3 huwa upande wake wa kulia, ili karatasi inapogeuzwa jina lisomeke sawasawa. Chini ya nukta jina huandikwa pia kwa wino, na hapo mtoto anayeona hujifunza jina lake lina umbo gani mkononi mwa rafiki yake.

Kitu cha kuchezea ni mpira wa matambara, ule ambao watoto wa Afrika Mashariki wameucheza vizazi vingi, ila huu umetiwa sauti. Wazo la mpira unaosikika lina historia yenye heshima, kwani mchezo wa golboli ulibuniwa mwaka 1946 na Hanz Lorenzen wa Austria na Sepp Reindle wa Ujerumani kwa ajili ya askari waliopoteza uoni vitani, ukatumia mpira wenye njuga ndani, na mwaka 1976 ukaingia katika michezo ya Paralimpiki huko Toronto. Mpira wa golboli una uzito wa kilo 1.25, ilhali wa kifurushi una kipenyo cha sentimita 6 na hutengenezwa kwa vifuniko viwili vya chupa za soda. Utando wa plastiki ulio ndani ya kila kifuniko hubanduliwa kwanza kwa ncha ya kisu, kwa sababu ukibaki humeza sauti. Kisha changarawe 4 za ukubwa wa punje ya mtama huwekwa ndani, vifuniko huelekezwa uso kwa uso, na meno yake, ambayo ni 21 kwa kila kimoja, hugongwa kwa nyundo hadi yaumane na kulala. Hapa kuna kosa la kawaida la kukiweka kitoa sauti katikati ya mpira, mahali ambapo tabaka zote za kitambaa hukifunika na kukinyamazisha. Kikiwekwa kati ya tabaka mbili za mwisho husikika vizuri, mradi tabaka la nje lishonwe kwa uzi imara, kwa kuwa kifuniko kilichochomoka ni hatari mdomoni mwa mtoto mdogo.

Kitu cha kula ni kashata za karanga. Kilo 1 ya karanga zilizokaangwa na kumenywa na nusu kilo ya sukari iliyoyeyushwa bila maji hadi ifikie rangi ya asali hujaza sinia la sentimita 30 kwa 40 kwa unene wa sentimita 1 hivi, na zikikatwa kabla hazijakauka, kwa vipande vya sentimita 5 kwa 4, hupatikana kashata 60, yaani mbili kwa kila mtoto kati ya 30. Sukari huvuta unyevu, hivyo katika hewa ya Lushoto kashata hupikwa siku moja kabla, huhifadhiwa katika kopo lenye mfuniko, na hufungwa kwa jani kavu la mgomba au karatasi ya kuokea asubuhi ya sherehe. Uchaguzi wa karanga hauna budi kuwa mkali, kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayozalishwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, mlipuko uliohusishwa na mahindi. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye uchungu hutupwa, na haifai kudhani kwamba kuzikaanga kutaondoa sumu. Watoto walio chini ya miaka 5 hawapewi karanga nzima kwa hatari ya kupaliwa, na wazazi huulizwa mapema kuhusu mzio, ili mwenye kuhitaji awekewe ndizi mbivu au biskuti ya nyumbani katika mfuko uleule.

Namna ya kugawa ni sehemu ya ufundi huo. Mifuko yote huwa na vitu sawa kwa idadi, na aliyekuja bila zawadi hupata sawa na aliyekuja na boksi kubwa, kwa sababu mtoto huhesabu haraka kuliko mtu mzima anavyodhani. Vitu huwa vichache na hutajwa kwa sauti kabla ya kugawiwa, jambo ambalo huwatuliza hasa watoto wanaofadhaishwa na mambo ya ghafla. Mwenye sherehe ndiye anayekabidhi, mkono kwa mkono, mlangoni, na mgeni husoma jina lake mwenyewe kabla ya kufungua. Wahenga waliposema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, hawakumwondolea mtoaji kazi ya kufikiri, na kazi hiyo hapa imefanywa kwa rula, kwa sindano na kwa kalamu isiyo na wino.

Kashata zitaliwa njiani na mdalasini utaishia kwenye chai ya mama, lakini mfuko utabeba gololi au penseli kwa muda mrefu baada ya sherehe, na mpira utaendelea kulia uani. Kipimo cha mwisho cha kifurushi chochote cha kuagia, kiwe cha Irente au cha kwingineko, ni rahisi na hakina gharama: kabla ya wageni kufika, mtengenezaji hufumba macho, hukichukua mkononi, hukitikisa, hukinusa, kisha hujiuliza amebaki na nini. Kilichobaki ndicho atakachokwenda nacho mtoto.