Waridi la Jangwani Kando ya Outer Ring

Kando ya barabara ya Outer Ring, upande wa Donholm katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuna kitalu kilichobanwa kati ya lami na ukuta wa mtaa. Mwenyewe ni mzee ambaye wateja humwita Guka. Anauza miche ya kila namna, lakini wajuzi humwendea kwa ajili ya waridi la jangwani: shina lililovimba kama chupa, matawi machache ya kijivu, na maua ya petali tano yaliyokolea rangi ukingoni na kufifia kuelekea katikati.

Mmea huu si mgeni Kenya. Huota wenyewe katika nyika kavu za Tsavo, na utomvu wake ulitumiwa na wawindaji kutengenezea sumu ya mishale. Jina la kitaalamu, Adenium, limetokana na Aden, huko Yemeni. Huku Eastlands mmea huu umependwa kwa sababu ya maji. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, na mitaa hii huyapata kwa zamu. Mabomba yakikauka, watu hununua mitungi ya lita 20 kwa wenye mikokoteni. Nani atamwagilia ua kwa maji ya kupikia? Waridi la jangwani hukaa wiki kadhaa likitumia akiba ya shinani mwake.

Guka huanza na udongo. Ule mweusi wa Eastlands, unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, haufai kabisa, kwani hushika maji na kuozesha mizizi. Yeye huchanganya mchanga wa mtoni uliooshwa, kokoto ndogo, mkaa uliopondwa, na mbolea ya mbuzi iliyoiva, kidogo tu. Hunyunyizia maji, hufumbata konzi moja, kisha hufungua kiganja. Ukibaki donge, anaongeza mchanga. Ukimomonyoka, umeiva.

Mbegu hukaa ndani ya maganda marefu yanayozaliwa mawili mawili. Kila mbegu ina kishungi cha nywele katika kila ncha, kwa hiyo ganda likikaribia kupasuka Guka hulifunga kwa uzi, upepo usije ukazibeba. Angeweza kupanda vipande vya matawi akapata maua mapema, lakini mara nyingi vipande havijengi shina nene. Guka amechagua njia ndefu, na kwangu mimi ndiyo njia bora.

Kazi ninayopenda zaidi kuitazama ni ya mizizi. Huvaa glavu, kwa kuwa utomvu ule ni sumu, na kisu hukipangusa kwa spiriti. Hugonga mkebe pembeni, huutoa mmea mzima, huosha mizizi polepole hadi kila mmoja uonekane ulikoanzia. Hapo hutulia, akiugeuza mmea mikononi. Mizizi minene inayotanda pembeni huiacha. Myembamba inayoshuka chini huikata, mkato mmoja mmoja, bila kukereza. Vidonda huvipaka majivu, kisha huuning'iniza mmea kivulini kwa siku kadhaa, hadi vikauke. Anapoupanda tena huuinua kidogo kuliko mwanzo, ili mabega ya mizizi yabaki nje ya udongo na kunenepa mbele ya macho.

Mteja mmoja alitaka mmea uliokuwa umening'inizwa, akaongeza bei mara mbili.

"Huo bado una kidonda," Guka akamwambia. "Rudi mwezi ujao, mami."

Adui mkubwa hapa ni baridi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai majani ya mmea huu hugeuka manjano na kupukutika. Wengi huuonea huruma, wakaumwagilia, na huruma hiyo ndiyo huuua. Guka huisogeza mikebe chini ya mabati na kuinyima maji. Kila shina hulibonyeza kwa kidole gumba: lenye kiu hulegea sawasawa pande zote, lililoanza kuoza hulegea mahali pamoja, na hapo hukata papo hapo hadi afikie nyama safi. Agosti ikielekea kuisha, machipukizi yakitokeza nchani, hutoa kikombe kimoja cha maji asubuhi, kisha hungoja udongo ukauke hadi chini kabisa kabla ya kutoa cha pili.